Mungu wa Vita na Mipaka ya Damu: Kutoka Mkwaju wa Katabi Hadi Mbaale ya Kibuka

Mtu akifika Mpanda na kuuliza habari za mungu wa vita hatapata jibu la mara moja, kwa kuwa wenyeji wa nchi hii, Wakonongo, Wapimbwe, Wabende, Watongwe na Warungwa, hawakuwa na mungu aliyetengwa kwa kazi ya vita peke yake, kama Wayunani walivyokuwa na Ares na Warumi wakawa na Mars. Bali akidumu kuuliza ataelekezwa njia ya kusini, ipitayo Sitalike na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na ataambiwa kwamba huko, karibu na ziwa ambalo hujaa masika na kunywea kiangazi, upo mkwaju unaosadikiwa kuwa makazi ya mzimu wa Katabi. Katabi, kwa masimulizi ya Wabende na majirani zao, alikuwa mwindaji mashuhuri wa kale ambaye roho yake haikuiacha nchi aliyoiwinda, na chini ya mti huo watu wameweka sadaka zao kizazi baada ya kizazi, wakiomba baraka yake. Jina lake limepewa ziwa, likapewa hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974 na ambayo sasa ina kilometa za mraba 4,471, na mwaka 2012, mkoa mpya ulipomegwa kutoka Rukwa, likapewa mkoa mzima. Ni nadra katika Tanzania kuona mzimu ambao heshima yake imeingia hata katika mihuri ya serikali namna hii.

Huenda msomaji akasema kwamba mwindaji si askari, wala mzimu wa uwindaji si mungu wa vita. Ni kweli, lakini katika nchi za magharibi ya Tanganyika mambo haya mawili yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Mkono uliopinda upinde porini ndio uliopinda upinde mpakani. Mganga aliyempa mwindaji dawa ya shabaha aghalabu ndiye aliyempa askari dawa ya kinga. Na damu, iwe ya mnyama mkali au ya binadamu, ilihesabiwa kuwa kitu kizito ambacho humgandama aliyeimwaga mpaka aondolewe uzito wake kwa dawa na kwa maneno ya wazee. Hata mizimu mikubwa iliyovuka mipaka ya makabila ilikuwa ya wawindaji. Lyangombe, ambaye Waswezi wa Unyamwezi wamemtumikia katika jamaa yao ya siri, na ambaye Warundi humwita Kiranga, ni shujaa wa uwindaji aliyeuawa kwa pembe za mnyama, na waliopandwa na roho yake hujipaka chokaa nyeupe, huchukua majina mapya, na kwa muda ule huzivua tofauti za ukoo na daraja zilizowatenga nje ya ngoma. Maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kupewa makazi Katumba na Mishamo, katika ardhi ya Mpanda, walitoka katika nchi ambayo jina la Kiranga lilikuwa likitajwa kwa hofu na adabu tangu zama za wafalme wake.

Mambo ya vita katika nchi ya Katavi yalikuwa mikononi mwa mtemi, naye mtemi hakuwa jemadari tu, bali alikuwa kiungo baina ya walio hai na wazee waliokwisha kuzikwa, mwenye dhima ya mvua na mavuno na usalama wa mipaka kwa pamoja. Kwa hiyo aliyetaka kupigana alitambikia kwanza makaburi ya watangulizi wake. Chuma nacho kilikuwa na ibada yake. Wafipa, ambao wengi wao wameishi Mpanda miaka mingi, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo ziitwazo malungu, ndefu kupita kimo cha mtu, na mkuu wa kazi alikuwa na kikapu cha dawa kiitwacho intangala, naye pamoja na wenzake walijiepusha na wanawake muda wote wa kazi, kwani tanuri ilihesabiwa kama bibi arusi anayengojewa kuzaa. Jembe na mkuki vilitoka katika tumbo lile lile, na vyote viwili vilizaliwa chini ya mwiko.

Lakini mwenye kutaka kumwona mungu wa vita kamili, mwenye hekalu, makuhani, kijumbe wa kusema kwa kinywa chake, na jeshi lisilotoka bila idhini yake, hana budi kuacha mbuga za Katavi na kwenda kaskazini, hata pwani ya Ziwa Nyanza, katika ufalme wa Buganda. Huko yuko Kibuka, aitwaye kwa heshima Omumbaale, na habari zake zimehifadhiwa vizuri kuliko za mungu mwingine yeyote wa vita katika Afrika ya Mashariki, kwa jitihada ya Waganda wenyewe, na ya padri Mwingereza John Roscoe, aliyeandika masimulizi yao mwanzoni mwa karne ya ishirini akisaidiwa na Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda.

Yasimuliwa kwamba katika enzi ya Kabaka Nakibinge, takriban miaka 500 iliyopita, Waganda walikuwa wamebanwa na Wanyoro hata ufalme wenyewe ukawa karibu kutoweka. Nakibinge akapeleka wajumbe visiwa vya Ssese kwa Mukasa, mungu mkuu wa ziwa, kuomba msaada, naye Mukasa akamtoa ndugu yake Kibuka, akamuusia mambo mawili kabla hajaondoka: asiwajulishe maadui mahali anaposimama vitani, wala asiwe na mwanamke wa Kinyoro. Kibuka akafika, na vita vilipoanza akapaa, akajificha ndani ya wingu, na kutoka humo akawamiminia Wanyoro mishale na mikuki wasijue mauti inatoka wapi. Ushindi ukawa wa Waganda. Miongoni mwa mateka alikuwamo mwanamke aliyempendeza Kibuka, akamtwaa nyumbani kwake; mwanamke huyo akaijua siri, akatoroka usiku, akawaambia ndugu zake kwamba anayewaangamiza yu juu ya vichwa vyao. Vita vilipotangazwa tena, Wanyoro hawakutazama mbele yao bali walitazama juu, wakalichoma lile wingu kwa mishale. Kibuka akajeruhiwa, ngao yake ikamponyoka, naye akaruka kwa nguvu zake za mwisho mpaka Mbaale katika nchi ya Mawokota, akafia juu ya mti mkubwa. Siku hiyo Nakibinge naye akauawa, ijapokuwa mkewe Nannono, silaha zilipokwisha, alikuwa akichonga mianzi iwe mikuki ya askari. Na baada ya mumewe kufa yeye ndiye aliyeshika nchi, akiwa na mimba, mpaka mrithi alipopatikana.

Naomba msomaji aizingatie hadithi hii, kwa maana si ya kawaida. Mataifa mengi hujitungia mungu wa vita asiyeshindika, mwenye kunguruma na kuponda. Waganda walimtukuza mungu aliyekufa vitani, tena aliyekufa kwa kosa lake mwenyewe, kwa kuvunja sharti aliloambiwa waziwazi. Mtu akikua akisikia habari hizi hawezi kuamini kwamba vita havina sheria, maana hata aliyepaa hadi mawinguni sheria ilimfuata huko huko, ikamshusha. Na ile ngao iliyoanguka mikononi mwa Wanyoro, yasemwa, iliwaletea maradhi hata wakairudisha kwa hiari yao. Yaani adui naye alikubali kwamba kuna kitu cha vita ambacho mshindi hana haki ya kukichukua.

Mwili wa Kibuka uliteremshwa mtini, na viungo vyake vikakaushwa na kutunzwa ndani ya hekalu la nyasi lililojengwa Mbaale, kwa desturi ile ile ambayo Waganda waliitumia kuhifadhi taya za wafalme wao. Mfupa wa taya na viungo vingine vilifungwa katika mifuko ya ngozi iliyopambwa kwa shanga na simbi. Palikuwapo ngoma za hekalu, ngao na silaha, na makuhani waliorithishana kazi ya kulinda. Alikuwapo pia mtu ambaye mungu humpanda kichwani, akasema kwa ulimi wake. Na kwa mila ya mahekalu mengi ya Buganda mtu wa namna hiyo aliketi mbele ya moto, akavuta tumbaku na kunywa pombe kidogo, akanyamaza, mpaka sauti yake ilipobadilika na waliohudhuria wakajua kwamba anayenena si yeye. Kabaka alipokusudia kwenda vitani alipeleka wajumbe na zawadi Mbaale kwa Kibuka, na kadhalika kwa Nende, mungu wa pili wa vita, ambaye hekalu lake lilikuwa Bukerere katika Kyaggwe, kuuliza kama vita vile viwe, na ni nani kati ya machifu apewe uongozi. Jibu likija, jeshi lilitoka pamoja na wajumbe wa miungu hiyo, na liliporudi na ng'ombe na mateka, fungu la ngawira lilikwenda hekaluni.

Wapo wanaotazama desturi hizi wakaona ni hila ya makuhani kujitajirisha, na sitakana kwamba makuhani walitajirika. Lakini fikiri jinsi mambo yalivyokwenda: mfalme mwenye hasira ya asubuhi alilazimika kungoja mpaka wajumbe waende na kurudi, uchaguzi wa jemadari haukuwa wa mapenzi yake peke yake, na ushindi ulipopatikana haukuwa mali yake yote. Ibada ilikuwa hatamu katika kinywa cha vita. Warumi walilijua jambo hilo pia, ndiyo sababu walikuwa na makuhani maalumu wa kutangaza vita kwa maneno yaliyopangwa, na hekalu la Janus ambalo milango yake ilifunguliwa vita vikiwapo na kufungwa amani ilipotengenea. Sisemi kwamba hatamu ilimzuia farasi kukimbia. Waganda walipigana vita vingi vya kinyama, na Warumi walipigana zaidi. Lakini mambo yenye mlango wa kuingilia huwa na mlango wa kutokea, na mtu aliyekwenda kuua kwa ruhusa iliyotajwa jina alikuwa na mahali pa kurudi na kuitua ruhusa ile.

Nchi ya Katavi iliona kwa macho yake jinsi hatamu hiyo inavyokatika. Katikati ya karne ya kumi na tisa Wangoni wa Zwangendaba, waliokuwa wameuvuka mto Zambezi mwaka 1835, walifika Ufipa, na mfalme wao alipofariki huko wakagawanyika. Kundi la Watuta likaelekea kaskazini, likiteka na kuchoma, hata Ujiji ikatikiswa. Kisha zikaja bunduki za misafara ya pembe na watumwa, na pamoja nazo likazuka jeshi la rugaruga. Hawa walikuwa vijana wasio na wake wala mashamba, wengine mateka wa jana, wengine wapagazi waliotoroka misafara, wengine watumwa waliokimbia mabwana zao, ambao hawakuitwa na mtemi wa ukoo wao kwa jambo la ukoo wao, bali walimfuata yeyote mwenye kuwapa baruti na ngawira. Mirambo wa Urambo aliwatumia kujenga dola iliyopigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871 hadi 1875, na kwa ajili ya vita hivyo Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, hakuweza kupita njia ya kawaida, akazunguka kusini kwa kupitia Ukonongo ndipo akafika Ujiji. Nyungu ya Mawe, aliyekufa mwaka mmoja na Mirambo, 1884, aliwatumia rugaruga kuiunganisha Ukimbu, mashariki ya Ukonongo.

Rugaruga walikuwa na ibada zao pia, wala mtu asidhani kwamba walikuwa watu wasioamini lolote. Walijifunga nguo nyekundu, wakavaa manyoya ya ndege na bangili za pembe, wakavuta bangi kabla ya mapigano, na baadhi yao, kwa ushahidi wa waliowaona, walijipamba kwa meno na nywele za waliouawa. Dawa walikuwa nazo tele. Walichokosa ni makaburi ya kutambikia. Dawa zao zilimlinda mtu mwili wake bila kumuuliza anakwenda kumuua nani na kwa sababu gani, na ngoma ya kumrudisha nyumbani haikuwapo, kwa kuwa nyumba yenyewe hakuwa nayo. Vijiji vikajizungushia maboma ya magogo na miiba. Watu wakaacha mashamba ya mbali. Na Karema, ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 kando ya Ziwa Tanganyika na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885, ikawa kimbilio la watumwa waliokombolewa na wanyonge wasio na mtemi wa kuwakinga. Mimi huihesabu miaka hiyo kuwa miaka ya huzuni kubwa kuliko yote katika historia ya nchi hii, na nadhani wazee wa Mpimbwe na Ukonongo waliowasimulia watoto wao habari za kulala porini kwa kuogopa moshi wa mapambazuko wangekubaliana nami.

Mara moja tu katika Tanganyika mzimu ulisimama tena juu ya vita vya watu wengi na kuvipa sheria. Ilikuwa mwaka 1904 huko Ngarambe, kusini ya Rufiji, ambapo Kinjikitile Ngwale alipandwa na mzimu wa Hongo, aliyetumwa na Bokero; akaingia katika kidimbwi cha maji mbele ya watu, na kesho yake akatoka, kwa masimulizi ya walioshuhudia, nguo zake zikiwa kavu. Maji aliyoyagawa, yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, yanajulikana na kila mtoto wa shule. Yasiyojulikana sana ni masharti yake. Aliyenyunyiziwa alikatazwa kuteka mali na kulala na mwanamke muda wa vita, na watu walikusanyika Ngarambe kufanya kwanza mazoezi ya kivita yaitwayo likinda, wakiambiwa wangoje amri. Wamatumbi hawakungoja. Waling'oa pamba mwezi Julai 1905, Kinjikitile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, na moto ukaenea mpaka Ungoni. Na dawa iliposhindwa na risasi, wengi walisema kwamba maji hayakuwa uongo, bali kuna waliovunja miiko. Moto huo haukufika Katavi. Namtaja Kinjikitile kwa sababu maelezo yale ya kushindwa yana sura ya hadithi ya Kibuka: mkosaji si adui, ni aliyeliacha sharti.

Hekalu la Mbaale halikuangushwa na Wanyoro. Lilichomwa katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda tangu mwaka 1888, ambapo Waganda walipigana wao kwa wao kwa majina ya imani zilizotoka mbali; walinzi wakavificha viungo vya Kibuka, na baadaye mlinzi mmoja akamuuzia Roscoe, naye akavipeleka katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko vikakaa katika kabati, na wanafunzi wakaja kutazama taya ya mungu. Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, vilirudishwa na kuwekwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala. Jambo hilo lilinipendeza tangu nilipolisoma mara ya kwanza, kwa kuwa watu walikuwa wakidai bendera na bunge na jeshi, na pamoja na hayo wakadai pia mifupa ya yule aliyekufa kwa ajili yao.

Huku Katavi mambo ya damu na heshima hayajawa historia bado. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia Mpimbwe na bonde la Rukwa, hasa tangu miaka ya 1970, walikuja na ng'ombe wao, na pia na ngoma ya simba. Katika mila hiyo mtu aliyemuua simba kwa kulitetea zizi huhesabiwa kama aliyerudi vitani: hupewa dawa na mganga, kwani inasadikiwa kwamba damu ya simba yaweza kumpotosha akili, kisha huvaa mapambo, huzunguka kwa jamaa na majirani akicheza na nyara zake, nao humtunza fedha na mifugo, kwa sababu amewaondolea wote adui mmoja. Ni desturi nzuri kwa asili yake, kwani yamtakasa aliyeua na yamlipa aliyejihatarisha, na hadhi yake yote imesimama juu ya lile neno kutetea.

Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi wamekuta kwamba neno hilo limeanza kulegea. Vijana kadhaa, wakiona zawadi zilivyo nyingi, wamewafuata simba porini, hata ndani ya ardhi iliyohifadhiwa, simba wasiogusa ndama wa mtu, wakawaua, wakarudi kucheza ngoma ya mtetezi. Na simba wa Katavi, waliokuwa fahari ya mbuga za Chada na Katuma ndani ya hifadhi, wakazidi kupungua. Njia ya rugaruga ni hiyo hiyo: mapambo yamebaki, dawa imebaki, zawadi imeongezeka, na sababu imeondolewa. Walinzi wenye bunduki peke yao hawakuweza kulizuia jambo hilo, maana anayelindwa na mila hamwogopi mlinzi. Kwa hiyo kampeni iitwayo WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ilikwenda kwa viongozi wa mila wenyewe na kwa mabaraza ya vijiji, na shauri lililofuatwa lilikuwa la kikale kabisa: wenye ngoma ndio waamue nani astahili kuicheza, na asiyeonyesha zizi alilolitetea anyimwe zawadi, na asipokewe katika ua wa mtu.